Pipa Halikungoja Bendera

Leo nimeaibika mbele ya watu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kusogea.

Ninaandika hapa hapa, jua bado liko juu, katika kaye ile, daftari langu mnalolisoma Jumapili, ndugu zangu, mkivuka mto kutoka Alunguli. Bora mpate habari kwangu mwenyewe. Mkiipata sokoni, itakuwa imeongezwa chumvi, na chumvi haihitajiki. Iko ya kutosha.

Kwa yule ambaye hajui: mimi ni magasinia pale depo ya mtoni, karibu na reli. Kazi yangu ni kutunza vitu vinavyongoja meli au gari-moshi. Magasinia wa majaribio, lakini. Neno hilo "majaribio" limenikalia mgongoni mwaka mzima. Magasinia aliyethibitishwa anapewa nyumba ya matofali katika kambi ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko la nje. Magasinia wa majaribio anaendelea kulala kwa mama mkwe, Mikelenge, yeye na mke na watoto watatu katika chumba kimoja. Mama mkwe wangu ni mtu mwema (niwe wa haki). Lakini wiki hii ameniuliza mara nne kama mkaguzi atakuja kweli.

Mkaguzi amekuja kweli. Ametoka Bukavu kuangalia namna vitu vinavyohifadhiwa katika madepo. Akiridhika, anatia sahihi, na mimi nahamia kambini. Asiporidhika, nabaki nilipo.

Basi nilijiandaa. Wiki nzima! Magunia ya mchele niliyainua yote juu ya mbao, mbali na ukuta, ili unyevu usipande. Sabuni niliitenga na unga, maana mwaka jana kuna watu walikula ugali wenye harufu ya kufulia (nilikuwa mmoja wao). Ndoo za mchanga niliziweka karibu na mafuta, kama moto ukitokea. Njia ya katikati niliifagia mpaka mtu anaweza kupita na machela.

Yakabaki mapipa ya mawese. Yako nje, juu ya sakafu ya saruji, kumi na mawili. Pipa la mafuta tunalilaza ubavu, kwa sababu likisimama mvua inakaa juu ya kifuniko na maji yanaingia ndani. Na pipa lililolala lazima uliwekee kabari, vile vipande vya mbao vya kulizuia lisibingirike. Hayo nilikuwa nayajua. Sitaki mseme sikujua.

Jana Shefu Kitenge, mkubwa wetu, alipita akaangalia.

"Amisi, hizi kabari ni chafu sana. Mukaguzi ataona nini? Zipake rangi."

Niwe wa haki tena: alisema nizipake rangi. Hakusema nizitoe zote kwa mara moja. Lakini na ninyi niambieni, kabari utaipaka namna gani ikiwa chini ya pipa? Mimi sikuona njia. (Labda iko. Nimesoma darasa la sita, na hilo la sita lenyewe niliumwa nusu yake.)

Nikazitoa. Mahali pake nikatia mawe. Mawe yakaniishia kwenye pipa la mwisho, lile la upande wa mteremko, nikalitilia tofali. Tofali la udongo, bado halijachomwa. Lilikuwa gumu! Nililipiga teke, mguu ndio uliumia.

Rangi ya kijani ilikuwa kidogo koponi. Nikaiongezea mawese kidogo ili ienee. Ikatoka rangi ya sombe iliyolala, majani ya muhogo yaliyopikwa jana. Lakini ilikuwa kijani, na kabari zote zikapakwa.

Usiku mvua ikanyesha.

Asubuhi nikakuta kabari zinang'aa vilevile kama jana. Nikazigusa, kidole kikatoka kijani. Mawese hayakauki, ndugu zangu. Ni mafuta! Mtoto yeyote anayepikiwa anajua. Mimi nimelijua leo, saa moja ya asubuhi. Nikazichukua, nikazipanga chini ya mteremko juu ya ubao mmoja, pale uwanjani jua linapofika mapema.

Feruzi akaniona. Feruzi ni mtu wetu wa kubingirisha mapipa, ana miaka ishirini katika kazi hiyo, na hajui kusoma.

"Weye Amisi, kabari inafanya kazi gani pa jua?"

"Inakauka."

"Na pipa?"

"Iko na tofali."

Akatazama juu kule kwenye tofali. Akatazama ardhi iliyolowa. Akanitazama mimi.

"Tofali ya udongo. Na mvua ile."

"Feruzi, bendera ikimaliza kupanda tu, nazirudisha. Sasa nitazishika namna gani? Nitampa mukaguzi mukono wa kijani?"

"Mukono wa kijani inanawishwa," akasema, akaenda zake. Alikuwa na haki, na naandika hapa kwamba alikuwa na haki.

Mkaguzi akafika mapema. Mtu mnene, mtulivu, amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ya rangi ya majivu, imepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Akasalimia kila mtu, "Jambo, sitwayeni, jambo," yaani mwananchi, bila maringo. Nikampenda. Ndiyo maana inauma.

Sheria ya bendera mnaijua. Inapopanda, mtu anasimama palepale, mikono chini, macho juu. Kwenye depo yetu kosa hilo halisamehewi: kuna dereva alijipiga kofi kwa sababu ya mbu, akaandikishwa barua ya kujieleza mara tatu. Kusogea hapana. Kusema hapana. Kuimba ndiyo. Bendera yetu inapanda na wimbo wa kusifu kiongozi, mmoja anaita, wengine wanaitikia. Na anayeita ni mimi. (Sikuomba. Walinisikia naimba nikihesabu magunia.)

Sasa shikeni vizuri jinsi tulivyosimama. Mlingoti uko chini ya uwanja, upande wa mto. Wafanyakazi wote wanautazama, kwa hiyo mgongo wao uko kwenye mapipa. Mkaguzi yuko mbele yao, pembeni kidogo, na yeye mgongo wake uko kule juu, kwenye mapipa. Hatua mbili nyuma yake, ule ubao wa kabari zangu. Mimi niko kwenye mlingoti, nawatazama wao. Maana yake nini? Maana yake katika watu wote wale, mwenye kuona mapipa ni mimi peke yangu.

Bendera ikaanza. Nikaita, wakaitikia. Kamba ilikuwa imevimba na mvua, ikapanda pole pole, ikakwama katikati. Zamu, mlinzi wetu, akavuta. Ikakwama tena.

Na mimi nikaona tofali linakaa chini.

Halikuvunjika. Lilikaa, kama mtu aliyechoka. Pipa likaegemea. Likafikiri kidogo. Halafu likaanza kuja.

Pole pole! Hata haraka halikuwa nayo. Linakuja kama mzee anayetoka sala, huku linanung'unika juu ya kokoto, na wimbo unafunika sauti yake. Linaelekea moja kwa moja kwenye ile abakosti.

Nikajiambia: Amisi, kimbia. Mguu ukakataa. Nikajiambia: piga kelele. Nikamkumbuka yule dereva na barua zake tatu. Nikafikiri nyumba ya matofali. Nikafikiri mgongo wa mkaguzi. Zamu yangu ya kuita ikafika, watu wote wananingoja, mdomo wangu ukafunguka, na kilichotoka, kwa sauti ya wimbo ule ule, ni hiki:

"Pipaaa linakuja!"

Nilitumaini mtu ageuke. Mtu mmoja tu!

Lakini mnajua kila mwezi nyimbo mpya zinatufikia kutoka Kinshasa, na hakuna anayetaka kuonekana hajapata ule wa mwisho. Watu arobaini, macho juu, wakaitikia kwa kifua chote:

"Pipaaa linakuja!"

Wa kwanza kuitikia, mbele ya wote, alikuwa mkaguzi. Ana sauti nzuri ya chini.

Nikaongeza: "Geukeni nyumaaa!"

"Geukeni nyumaaa!" Vizuri kabisa. Hata wanawake wa kupepeta mchele wakatia sauti ya pili. Hakuna aliyegeuka.

"Bwana mukaguzi, tokaaa!"

Hapo sauti zikapungua kidogo, lakini wengine wakaitikia hata hilo. Mkaguzi mwenyewe aliliitikia. Feruzi peke yake, mstari wa nyuma, nilimwona amefunga macho.

Bendera ikafika juu, na pipa likafika chini. Kwa wakati mmoja. Likagonga ubao wa kabari, likapanda juu ya ile ya kwanza, likatikisika, likasimama. Kabari zilifanya kazi yake. Mimi ndiye sikufanya yangu. Lakini moja, ile ya pembeni, ikaruka kama chura, ikampiga mkaguzi nyuma, pale anapokalia, ikashikamana hapo kidogo, halafu ikaanguka.

Akageuka. Akatazama pipa. Lilikuwa limesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Ni nani anatunzaka mapipa hapa?"

Kisha Shefu Kitenge akasema, "Feruzi njo anayabingirishaka, Sitwayeni."

Sidhani Shefu alikusudia ubaya. Alisema neno la kwanza lililomfikia, na ni kweli Feruzi anayabingirisha. Lakini mkaguzi alishatoa kalamu. "Feruzi. Siku kumi na tano bila kazi." Na Feruzi hakujitetea. Alisimama tu, mikono chini, kama bendera bado inapanda.

Niwaambieni ukweli: nilingoja. Nilihesabu mpaka tatu nikitumaini mtu mwingine aseme. Hilo silifuti katika kaye.

"Sitwayeni, si yeye. Ni mimi. Nilitoa kabari, nikatia tofali ya udongo. Feruzi aliniambia asubuhi, sikusikia."

Akanigeukia.

"Wewe njo uliimba?"

"Ndiyo, Sitwayeni."

"Ule wimbo umetoka wapi?"

"Hautoki fasi yoyote, Sitwayeni. Nilikuwa nakuonya."

"Kunionya." Akafikiri. "Na mimi niliitikia."

"Ndiyo, Sitwayeni."

"Kwa sauti kubwa."

"Ulitutangulia wote, Sitwayeni."

Nyuma mtu akakohoa. Halafu mwingine. Kikohozi kikapita mstari mzima.

Mkaguzi hakukasirika. Alifuta jina la Feruzi, akaingia magazini, ghala langu, akaangalia kila kitu bila haraka. Alisifu magunia. Alisifu ndoo za mchanga. Alinusa unga, akanusa sabuni, akasema, "Vizuri, havijuani." Na muda wote huo, kila alipoinama, mgongoni mwake chini kulikuwa na alama ya kabari, kijani cha sombe, imekaa sawasawa kama muhuri wa ofisi. Watu arobaini waliiona. Shefu aliiona. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alipofunga daftari, nikaona kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli, nimalize.

"Sitwayeni, iko kitu kingine."

"Kitu gani tena?"

"Suruali. Nyuma." Na kwa sababu nilitaka kumsaidia, nikaongeza mbele ya watu wote: "Na haitakauka. Nilitia mawese."

Hapo kikohozi kikaisha. Watu walicheka waziwazi. Wapepeta mchele waliketi chini. Shefu alijificha nyuma ya magunia niliyoyapanga mwenyewe, yakawa yanatikisika. Na mkaguzi, mtu mtulivu yule, alijishika nyuma, akatazama kiganja chake, akatia sahihi kwa mkono mwingine.

Alichosaini ni hiki, alinisomea mwenyewe: Magunia, vizuri. Sabuni, vizuri. Kabari zipo, zimepakwa rangi, hazikuwa chini ya mapipa. Magasinia anasema kweli, lakini anachelewa. Majaribio yaongezwe miezi mitatu.

Siwezi kupinga hata neno moja. Nimejaribu.

Kabla ya kutoka nimenunua lita ya mafuta ya taa kwa ajili ya kusafisha suruali yake, na Feruzi amenisaidia kurudisha kabari, za kijani zile zile. Hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Nipe ile ingine." Tumefanya kazi mpaka pipa la kumi na mbili, mikono yetu yote ikawa sombe.

Nimefika nyumbani Mikelenge, godoro letu liko mlangoni, limekunjwa, limefungwa kamba, sufuria zetu mbili juu yake. Mama mkwe amekaa pembeni, amevaa kitenge cha kutokea.

"Sasa, baba," akaniuliza, "nyumba iko upande gani wa kambi?"

Nikamwambia. Yote, na wimbo.

Akainuka, akaanza kufungua kamba bila kunitazama, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Nikasogea nimtulize. Hakuwa analia.

Ninyi basi naomba msinicheke, nyumba hii imeshajaa. Na kama mtashindwa, kila mtu aangalie kwanza nyuma yake.