Sikulala, Nilisinzia Tu

Jumatatu, 8 Septemba

Balaa! Nimefumaniwa. Mchana, jua la Garissa linapasua kichwa, mimi niko stoo ya vitabu, mkekani, chali, usingizi mwanana. Nikasikia viatu vya Madam Khadijo, mwalimu mkuu wetu. Mlango ulipofunguka nilikuwa nimeshaketi wima juu ya katoni, kitabu mkononi. Akauliza kama nilikuwa nimelala. Nikamjibu kwa heshima kuwa sikulala, nilisinzia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, najua kupima maneno. Nikamweleza: kuna kusinzia, kuna kupitiwa, kuna kujinyoosha, kuna kuegesha ubavu, kuna kupata lepe, na mbali kabisa, mwisho wa barabara, ndipo kuna kulala. Akasema hata sisi Wasomali tunajua kuwa lulmo, kule kusinzia, si hurdo, usingizi wenyewe. Ila, akaongeza, mwenye lulmo hakoromi.

Si jambo dogo hili. Naibu wake amehamia Elwak, na Alhamisi anatangaza mpya. Ni mimi au Shuaib wa jiografia, mtu wa Modogashe, asiyelala mchana hata umwimbie. Ofisi ya naibu ina feni. Ina kochi refu! Nimelipima kwa macho, miguu inaenea.

Alasiri, matata mengine. Naenda bombani kutawadha, namkuta Shuaib anaosha miguu polepole. Akauliza kwa sauti ya mwadhini mbona natawadha tena, na adhuhuri tulitawadha pamoja. Kila mtu hapa anajua: aliyesinzia akiwa ameketi imara, udhu wake upo. Aliyelala chali, udhu umekwenda. Nikitawadha, nimekiri. Nisipotawadha, nasimama mbele ya Mungu bila udhu. Madam naweza kumdanganya. Mungu, hapana. Nikasema nilikwenda msalani. Alhamdulillahi, akili ni mali!

Jumanne, 9 Septemba

Niliapa kutolala. Nikapitiwa tu. Stoo ileile, mkeka uleule.

Bombani, Shuaib. Swali lilelile. Nikasema msalani. Akacheka, akasema vyoo vya walimu vimefungwa tangu asubuhi, lori la maji taka limekuja kuvinyonya. Kweli! Ngurumo yote ile, harufu yote ile, na mimi sina habari. Huo ndio usingizi wa pono. (Pono ni samaki wa baharini. Sijawahi kumwona, hapa kwetu ni Tana na mamba wake. Lakini namheshimu.)

Nikageuza. Nikasema nilitokwa na damu ya pua, joto limezidi. Akanikumbusha kwa upole, tena mbele ya watu, kuwa sisi ni wa madhehebu ya Shafi, na damu ya pua kwetu haivunji udhu. Aibu gani hii! Hata mtoto wa duksi, chuo cha Kurani, analijua hilo. Walimu wamesimama, mikono inachuruzika, wanasubiri. Ndipo likanijia jibu la kummaliza: nimemgusa mwanamke. Kwetu hilo linavunja udhu hata akiwa mke wako. Nikasema mke wangu Arbia aliniletea chakula, mikono ikagusana. Nikatawadha kwa madaha.

Jumatano, 10 Septemba

Nilisahau jambo moja. Arbia yuko Kotile tangu Ijumaa, anamuuguza mamake. Shule nzima inajua. Shuaib ndiye aliyembebea mzigo hadi stendi.

Sasa swali si kama nililala. Swali ni nilimgusa nani. Madam ameniita na kuuliza hilo hilo, macho mezani. Roda wa kemia hanijibu salamu. Mpishi ameninyima mchuzi. Mzee wa langoni amenipa mkono na kuniombea baraka kwa mke wa pili.

Arbia amepiga simu. Hakupiga kelele. Amesema tu anapanda gari la alfajiri. Arbia akifoka najua pa kujificha. Akinyamaza, sina pa kwenda. Naogopa.

Alhamisi, 11 Septemba

Ofisini kwa Madam. Yeye, Shuaib, na Arbia mwenye vumbi la Kotile kwenye jilbabu. Nikaamua kusema kweli, jambo ambalo halina raha hata kidogo. Nikasema nililala. Si kusinzia, wallahi, si lepe, si ubavu! Niliuchapa usingizi fofofo, nililala kama gogo, nilikoroma.

Hawakuamini; mkoromo wa Jumatatu, wakasema, si ushahidi wa Jumanne. Madam akanisomea maneno yangu ya Jumatatu, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa barabara. Shuaib, mwanahizaya, akashuhudia kuwa alichungulia stoo siku zote mbili akaniona nimeketi wima, macho mazito kidogo tu. Mwongo mkubwa! Arbia akaanza kufunga mkoba wake. Nampenda Arbia. Sijawahi kuandika hivyo humu, lakini leo machozi yalinilenga.

Kumbe mkoba aliufunga apate kuuweka chini. Akaomba mkeka wa stoo uletwe. Akautandika palepale, akaniamuru nijilaze. Nikasema haiwezekani, mtu mwenye hofu kama yangu atapataje usingizi mbele ya mwalimu mkuu, tena asubuhi...

Zaidi ya hapo sikumbuki. Nilipozinduka Madam alikuwa anapangusa machozi ya kicheko. Akasema mkoromo ni uleule wa Jumatatu, pamoja na kafilimbi kake ka mwisho. Arbia akasema mtu wa namna hii hana wasaa wa kumgusa yeyote mchana. Nimesamehewa. Shuaib ametangazwa naibu.

Njiani Arbia akauliza mbona sikutawadha tu nikanyamaza. Kutawadha upya ni thawabu hata kama udhu upo, na hakuna anayedaiwa sababu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetafakari. Kutawadha na kunyamaza! Hiyo ni njia ya watu wasio na kipaji.

Naibu Shuaib ana vipindi mfululizo baada ya adhuhuri, na ofisi yake haifungwi. Kochi linaenea, kama nilivyopima. Feni tamu. Sikulala. Nimejinyoosha.

Alasiri, bombani, akauliza. Safari hii nilikuwa tayari. Nikasema mchana nimekula nyama ya ngamia, na wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine wanaosema inavunja udhu. Nani Garissa atathibitisha kuwa sikula ngamia?

Hakuna. Wote walikula ngamia huyohuyo, sufuria moja. Walimu waliokwisha kupanga safu wakageuka kuniangalia. Mzee wa langoni akauliza kwa unyonge kama na yeye arudi bombani, magoti yanamuuma. Shuaib akaniomba, taratibu, nieleze vizuri wote wasikie.

Kesho nitasema mbuzi.