Utamuamsha Nani, Maître?

Leo nimeaibika mbele ya majaji watatu. Watatu, jamani! Mmoja asingetosha?

Kwa wasionijua: mimi ni wakili hapa Bruxelles, natetea watu wanaovutana na serikali. Miezi saba nimekuwa nyumbani Laeken na mwanangu Amani, kazi yangu kubembeleza. Leo nimerudi mahakamani kwa mara ya kwanza. (Joho halifungi kifuani. Tuyaache hayo.)

Mteja wangu ni Maman Faida, mwenzetu wa Bukavu, anayetunza wazee kule Jette. Wamekataa kumwongezea karatasi za kukaa. Tukishindwa, kazi kwisha, nyumba kwisha. Nilipokwenda kujifungua, ofisini kwetu walimpa wakili mwingine. Akakataa. "Bon, nitamungojea Maître wangu." Akaningoja kweli! Kwa hiyo nimeingia pale roho mkononi.

Nikasimama, nikaanza. Sauti ikatoka vizuri. Hata vifungu vya sheria nilivyodhani vimekwenda na maziwa vikarudi kimoja kimoja. Nikajipongeza.

Kisha nikamwona Maman Faida ananikodolea macho. Nikajitazama. Faili la kesi nimelilaza begani, nalipigapiga mgongo, huku nayumba kulia, kushoto, kulia. (Lilivyo nene, lingecheua nisingeshangaa.) Nikalishusha mezani taratibu, nikiwa nimelishikilia kichwa.

Ikawa zamu ya wakili wa serikali. Bwana mrefu, sauti kama kengele ya kanisa. Alipofika kwenye hoja yake kubwa, akapiga meza. Paa!

Mimi huyo, kidole mdomoni: "Shhhh! Utamuamsha!"

Kwa Kiswahili. Kwa nguvu zote.

Mama jaji aliyekuwa akiongoza kikao akavua miwani. "Maître, umesema nini?"

"Samahani, Madame la présidente. Nimemwambia mwenzangu... kwamba ataamsha mtu."

"Mtu gani?"

Nikaanza kupekua faili. Basi watu wakaanza kumtafuta wenyewe. Macho yote yakaishia kwa jaji wa kushoto, kidevu kifuani, ametulia tuli. Akafumbua jicho moja.

"Nilikuwa nawaza," akasema. (Hakuna aliyemuuliza.)

Mama jaji akainamia karatasi zake, mabega yanamtikisika. Wakili wa serikali akamalizia hoja zake kwa kunong'ona, kama mtu anayetoka chumbani kwa kunyata. Hukumu tutaisikia wiki zijazo.

Nje nikamwomba Maman Faida msamaha, karibu nilie. Kumbe mwenzangu ameshika ukuta kwa kicheko.

"Maître, kushinda mie sijui. Lakini ule bwana umemulaza kabisa! Alors, ukipata mimba ingine, uniambie mbele. Miezi saba ya kungoja, siwezi tena."

Mwenye kucheka acheke leo hii amalize. Kesho nina kesi nyingine, na wakili wa serikali ni yuleyule.