Mkamateni Mkizi, Mwachieni Musyoka

Penye Feri, upande wa Mnarani
Alhamisi, 14 Machi 1985

Kwa Bwana Mkuu wa Kituo cha Polisi,

Shikamoo. Ikiwa umri wako ni mdogo kuliko wangu, basi shikamoo hii ni ya cheo wala si ya miaka, nawe utanirudishia siku utakapostaafu. Baada ya salamu, mimi ni mzima, nyumba yangu ni nzima, na kikaango changu ni kizima. Asiye mzima ni mtu mmoja tu, naye umemfungia wewe.

Jina langu ni Stambuli Awadh, mkaanga samaki wa penye feri. Wako wanaonicheka kwamba kukaanga samaki ni kazi ya wanawake. Hao hawajui kwamba nimepika katika meli miaka kumi na moja, nikatia nanga Karachi, Bombei, Rotadamu, na mji mwingine ambao jina lake halitamkiki bila kutema mate, na kwamba nahodha wangu Mnorwei alilia siku niliposhuka. Shule nilisoma mpaka darasa la tano. La sita nililisikiliza kwa dirishani. Kwa hivyo ukiona kosa la maandishi humu, ujue ni la darasa la sita.

Nakuandikia kuripoti wizi.

Kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kilichoko kwenye hori ya Kwa Mwachiti, ule mkono wa bahari wenye mikoko, kimepotelewa na kilo mia sita na arobaini za risasi kwa miezi minane. Nasema risasi ile madini laini ya ndani ya betri, si ya bunduki, usije ukaruka kitini. Bwana Meneja alipima iliyoingia, akapima iliyotoka, akaona pengo, akageuka akamtazama bawabu wake wa lango. Bawabu huyo ni Musyoka, mpangaji wangu, Mkamba mpole ambaye hata kuku akimpita mbele humwambia samahani. Jumatatu askari wako walikuja kumchukua akiwa bado na povu la sabuni masikioni. Jumatatu ijayo atasimamishwa mbele ya hakimu. Mkewe, Kasiva, ana mimba ya miezi minane.

Bwana Mkuu, umemkamata siye. Wezi nawajua, kwao nakujua, na mmoja wao nimempasua tumbo kwa kisu changu mwenyewe. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa nambari ili yasikimbie.

1. Musyoka hawezi. Kipande cha risasi cha ukubwa wa mche wa sabuni kinachosha mkono. Musyoka hutoka kazini asubuhi na vitu vitatu: rungu, tochi na kikombe cha bati. Hili nalijua kwa sababu mke wangu Nana hukaa mlangoni saa hiyo akichagua mchele, na Nana akikutupia jicho mara moja atakwambia umekula nini jana na kwa nani. Angekuwa Musyoka anabeba mali hiyo, hata kidogo kidogo, koti lake la ubawabu lingefumuka mishono, na njia ya kwetu ingekuwa mashimo matupu kwa uzito wa nyayo zake.

2. Kiwanda kina milango miwili ya kutokea. Mmoja ni lango, nalo lina Musyoka, lina kufuli, na lina kitabu cha kutia sahihi. Wa pili ni bomba. Bomba halina bawabu, halina kufuli, wala halitii sahihi. Kila Ijumaa alasiri sakafu huoshwa, na maji ya kijivu, yenye unga wa risasi na tindikali ya betri, hushuka kwa bomba hilo mpaka horini. Mimi si mpelelezi, lakini niliwaona polisi wa Rotadamu wakifanya kazi siku mpishi mwenzangu alipoibiwa viatu. Wao huanza kwa kuuliza: mali imetokea wapi, na nani alikuwa amesimama hapo? Basi nami nilikwenda nikatazama nani amesimama kwenye mdomo wa bomba. Ni mkizi, Bwana Mkuu. Wamejaa pale kama watu wa harusi wanaongoja sinia.

3. Ushahidi wa kitaalamu ninao. Bibi Zipporah, mwalimu wa sayansi wa sekondari na mteja wangu wa siku nyingi, alichukua maini na mifupa ya mikizi watano, akayatia kwenye chupa, akayapeleka maabara kwa mtu aliyesoma naye. Jibu likaja na muhuri. Risasi imo katika maini, imo katika mifupa, imo mpaka katika mayai. Ni mwizi gani mwingine uliyewahi kumkuta na mali ndani ya mifupa? Mimi kabla ya jibu nilikuwa nimejaribu kwa njia yangu. Nilipitisha sumaku juu ya samaki mzima mara saba, haikushika kitu, nikasema, kumbe hawa ni wajanja kiasi hiki! Bibi Zipporah alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee Stambuli, sumaku haishiki risasi! Huko Rotadamu hawakukwambia?" Nikamwambia huko Rotadamu mimi nilikuwa jikoni.

Karatasi hiyo yenye muhuri aliipeleka ofisi mbili, akieleza kwa adabu kwamba samaki wanaugua na maji yameharibika. Ofisi ya kwanza ilimjibu kwamba haijapokea lalamiko lolote kutoka kwa wahusika, na sijui kama walimaanisha samaki waje wenyewe. Ofisi ya pili bado inaitafuta karatasi. Bwana Meneja naye alimwambia madini ni kitu kizuri mwilini, hata wajawazito hupewa hospitalini. Hapo ndipo mimi nilipopata akili. Barua ya ugonjwa wa samaki hukaa mwaka mzima haijafunguliwa. Barua ya mali ya kampuni iliyoibwa huleta gari la polisi kabla chai haijapoa. Basi hii si barua ya ugonjwa. Ni barua ya wizi. Tafadhali lete gari.

4. Wezi wenyewe wana dalili zote. Mkizi wa zamani, wahenga walisema hasira zake ni tijara ya mvuvi, kwa vile alivyokuwa akiruka ovyo mpaka akajitia mwenyewe chomboni. Mkizi wa sasa wa Kwa Mwachiti hana hata hasira ya kumpa mtu. Mkia wake umekuwa mweusi tangu kwenye shina. Mgongo wake umepinda, mwingine kama ndoana, mwingine kama herufi ya S. Naye huogelea akizunguka mahali pamoja, na ukimtia mkono hakimbii, anakutazama tu. Bibi Zipporah anasema ndivyo risasi inavyowafanya, inakula mishipa ya fahamu na kuharibu uti wa mgongo. Mimi nasema ni alama za mwizi: amejipaka masizi asitambulikane, amepindwa na mzigo, na anazungukazunguka kutazama kama anafuatwa. Tunapotofautiana mimi na mwalimu, hakimu ataamua.

5. Wana washirika. Chaza ni wapokezi wa mali ya wizi. Hawatoki mahali pamoja, hawasemi, na kila kinacholetwa na maji wanakimeza wakafunga mlango. Kahonzi, mama wa Kigiriama anayebandua chaza kwenye mizizi ya mikoko tangu mimi sijaiona meli, aliniambia juzi, "Stambuli, nikigonga kumi, tisa ni makaburi." Nikamwuliza, na wa kumi? Akasema, "Wa kumi ni wako ukitaka kumla, mimi simtii kinywani." Kaa nao wametoroka. Mashimo yao yako wazi matopeni na wenyewe hawamo, nami nakuomba upige simu Takaungu wazuiwe huko. Ama vile visamaki vichanga vilivyokuwa vikicheza kwenye mikoko mpaka maji yanachemka, havipo. Mayai hutagwa, hakitoki kitu. Yaani watoto wa washtakiwa wamekufa wote, pamoja na mashahidi. Najua hilo ni jambo zito kuliko wizi, lakini sitaki kukuvurugia faili.

6. Namshtaki pia Stambuli Awadh. Kabla ya karatasi ya Bibi Zipporah nilikaanga mkizi wa hori hiyo kwa miezi yote hiyo, kwa pilipili na ndimu, na nikasifiwa. Wamekula abiria wa Malindi wakingoja feri. Wamekula madereva wa malori ya Mariakani. Amekula koplo wako mrefu, ambaye kila Alhamisi huwamaliza wawili na kichwa cha wa tatu huomba afungiwe. Kwa hivyo mali ya kampuni sasa imo katika mifupa ya wilaya nzima, na mwenye kuigawa ni mimi. Ukiniita nitakuja kwa miguu yangu.

Na Kasiva alikula. Mimba ilipokuwa changa alikuwa hatamani kitu ila mkizi, nami nilimchagulia mkubwa kila siku, kwa mapenzi tu, kwa kuwa hapa hana mama wala shangazi. Siku hizi Nana humpikia kunde, humnywesha maziwa, na kila jioni humwekea mkono tumboni kusikiliza kama mtoto anacheza. Anacheza. Lakini zile sahani nilizompelekea siwezi kuzifanyia mzaha, Bwana Mkuu, na nimejaribu.

Basi maombi yangu ni haya. Mtoe Musyoka kabla ya Jumatatu, arudi akamalize kuoga. Kisha peleka askari kwenye bomba Ijumaa alasiri, wamkamate mkizi yeyote watakayemkuta hapo. Pingu sijui zitakaa wapi, lakini nina ndoo mbili na nitazitoa bila kinyongo. Wafikishwe mahakamani wakiwa hai, ndani ya maji yao yale yale, na Mheshimiwa hakimu ayaonje kwa ncha ya ulimi ili ajue ladha ya kesi. Naye Bwana Meneja aje kama mlalamikaji na kuitambua mali yake. Asimame mbele ya watu, aape kwa kitabu chake, aseme: risasi iliyomo ndani ya samaki hawa ni yangu. Hayo maneno tu ndiyo ninayotaka kuyasikia. Akishayasema, mimi sina haja na mengine.

Nisalimie koplo mrefu, umwambie Alhamisi ijayo nina chewa kutoka nje ya mwamba, samaki asiye na rekodi mbaya. Msalimie mpishi wa mahabusu, na umkumbushe kwamba chumvi haijapigwa marufuku. Msalimie mama yako mzazi popote alipo, maana mzazi wa mkubwa ni mkubwa. Nana anakusalimu. Kasiva hakusalimu, bado analia, lakini nimekusalimia kwa niaba yake.

Ni mimi, mwenye mikono ya mafuta na roho isiyo na doa,
Stambuli Awadh
Mpishi wa meli, mstaafu

Nyongeza, Jumamosi asubuhi.

Bwana Mkuu, barua hii ilikuwa ivuke jana kwa feri ya kwanza. Lakini nikaona si uungwana kumtaja mtu bila yeye kujua, nikampelekea kwanza Bwana Meneja nakala. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama na mara moja akiwa amekaa. Nilingoja aghadhibike. Akanishika mkono, mafuta yangu na yote, akasema tangu afike pwani hajasoma barua yenye akili kama hii. Akakupigia simu pale pale, nawe jana saa tisa ukamwachia Musyoka. Yuko hapa nyuma yangu, anakula. Mungu akulipe.

Sasa sikiliza. Leo kumepambazuka na ubao ufukweni, umeandikwa kwa rangi nyekundu: SAMAKI NA CHAZA WA HORI HII WANA MALI YA KAMPUNI NDANI YAO. ATAKAYEWAGUSA NI MWIZI. Yale maneno niliyotaka ayaseme kwa kiapo, ameyaandika mwenyewe kwa herufi kubwa kuliko miguu yangu, na hakuna aliyeshtuka. Kahonzi amenyang'anywa kapu lake na kuambiwa ashukuru hakupelekwa kwako. Mafundi wanachimba mtaro wa bomba la pili, kwa sababu hori sasa inahesabiwa kuwa ghala, na ghala hujazwa. Na Musyoka amerudishiwa kazi yake. Kuanzia leo atakaa kando ya maji na rungu lake, awalinde samaki wasiibwe na sisi.

Nakala yangu itakufikia kwa mkono wa Bwana Meneja, ikiwa na muhuri wa kampuni, kama ushahidi wake. Hii hapa ndiyo barua yenyewe, na nakuomba ukifika mstari huu uchane yote yaliyo juu yake. Nilisema uongo ili nipate gari la polisi. Samaki hawakuiba kitu, Bwana Mkuu. Walilishwa.