Nzi wa Manjano Waliopigwa Mswaki

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Binti yangu karudi kutoka kazini na kisanduku cha nzi. Nzi wa manjano, wakavu, kila mmoja kachomwa pini. Yarabi! Nikamuuliza kakosa mchumba wa kuleta nyumbani? Akacheka. Kasema ni aina mbili: wengine wanaharibu matunda shambani, wengine hawana neno. Alhamisi atawatenganisha mbele ya bosi. Akipatia, anaajiriwa moja kwa moja. Akikosea, basi tena.

Mimi nawaona sura moja. Roho haijatulia.

Wifi kapita, kachungulia. Kasema bintiye yuko benki kwenye kiyoyozi, wangu anachunga nzi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Binti katoka. Nikafungua kisanduku. Aibu gani hii! Migongoni wamejaa vinywele vyeusi, timutimu. Mtoto wangu hajawahi kutoka hapa hajachanwa. Vitu vyake viende hivyo kwa bosi? Nikachukua mswaki wa zamani. Nikawasugua taratibu, kwa upendo. Sasa wanang'aa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mwanangu kafungua, kapiga yowe. Kumbe hivyo vinywele ndivyo vya kuwatambulia! Waharibifu wana viwili mwisho wa mgongo, wenzao vinne. Mimi nimewapiga vipara wote.

Kalia. Nikalia kumshinda, ikabidi yeye anibembeleze mimi.

Alipoingia kuoga, wazo! Nikatega papai bivu dirishani. Nikanasa nzi wa jikoni, nikawapaka unga wa manjano, nikawachomeka katikati ya wale vipara. Nani atajua?

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kajua bosi. Mwanangu kanisimulia: bosi kashika kioo cha kukuzia, kainama, kapiga chafya. Unga ukaruka, nzi wangu wakabaki weusi. Kauliza kazi ya nani hii. Binti kajibu kwa sauti ndogo, "Ya mama."

Bosi kacheka mpaka kashika meza. Mama yake naye aliwahi kumfagilia mchwa wake wa utafiti! Basi kamletea nzi wengine, wenye nywele zao. Mwanangu kawatenganisha wote, hakukosea hata mmoja. Kaajiriwa! Sharti moja tu: kisanduku kisikanyage tena nyumbani.

Nimemfuata wifi mwenyewe kumpasha. Kauliza kama na nzi wanapewa likizo. Wivu huo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mwanangu kapewa kioo chake mwenyewe cha kukuzia. Kakisahau mezani. Walichokataza ni kisanduku, kioo hawakukitaja. Nimekiinua kwenye mwanga: alama za vidole tupu! Maskini, ataonaje vinywele?

Nimelowesha waya wa kusugulia sufuria. Taratibu, kwa upendo.