Rangi ya Boti Kwenye Ukuta Mbichi

Jumatatu, 10 Machi

Emerensiana amepiga simu. Anakuja! Jumamosi ya wiki ijayo. Atalala Mbeya kwa dada yake, halafu ateremke Kyela. Nimeruka kwa furaha. Kisha nikakumbuka ile picha, nikakaa chini.

Niandike ukweli humu, maana humu hasomi mtu. Tangu nihamishiwe Kyela, mke wangu amebaki Bukoba na kazi yake ya ualimu. Kila akipiga simu ananiuliza nyumba ninayoishi ikoje. Nyumba ninayoishi imepigwa lipu mwezi uliopita, basi. Haijapakwa kitu. Ukiitazama unadhani ni tope lililosimama. Kwa hiyo nilimtumia picha ya nyumba nzuri. Ya jirani yangu Abdulwahab, mtu wa Tanga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyeipaka krimu na mkanda wa maruni chini kwa ajili ya Ramadhani. Nikaandika chini ya picha kwamba nimepaka kwa mikono yangu.

Sasa Emerensiana amesema akiridhika na nyumba ataomba uhamisho tuishi wote. Asiporidhika, nibaki na mvua yangu. Nimechoka kula peke yangu, nimechoka kuongea na redio. Lazima nyumba ifanane na picha.

Halafu ni Kwaresima. Nilifunga nyama na bia. Uongo sikuutaja kwa padri.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita dukani kwa Abdulwahab kupeleleza. Nikauliza juujuu, kama mtu anayefanya utafiti, rangi ipi inafaa ukuta wa nje. Kosa kubwa! Mtu yuko kwenye swaumu, ungedhani anatunza nguvu. Aa wapi! Kaniambia ipo rangi ya maji ya ndani na rangi ya maji ya nje, na anayezichanganya ni mjinga. Rangi ya mafuta ni ya milango na vyuma. Andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, isirukwe. Na kabla ya yote ukuta ukauke. Kisha akafunga duka, akanifuata mpaka kwangu bila kualikwa, akabandika kiganja ukutani na kutingisha kichwa kama daktari. Kasema huu bado mbichi. Akaubandika kipande cha nailoni kwa selotepu. Kesho nikikuta kimetoka jasho kwa ndani, nisiguse brashi.

Rangi ya maji! Kwenye mji wenye mvua hii! Mtu anapaka maji ili azuie maji? Mimi ni afisa maendeleo ya jamii. Natoa semina ya makazi bora, na ina slaidi. Sitafundishwa ukuta na mtu anayeuza misumari.

Tena nikinunua krimu na maruni kwake atajua nimeiga. Heri nife.

Jumatano, 12 Machi

Nailoni imejaa matone kwa ndani. Umande. Nimeibandua nikaitupa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata wazo, na sijui kwa nini mji mzima haujawahi kulipata. Boti! Boti inakaa ndani ya ziwa mchana na usiku, na maji hayaingii. Nyumba yangu inanyeshewa tu. Kama rangi ya boti inalizuia Ziwa Nyasa, itashindwa na mvua ya Kyela?

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema ninaumwa jino, nikaenda Itungi kwa Gwamaka, fundi wa boti. Ana nyeupe iliyobaki na kopo la rangi ya chungwa. Kasema rangi hiyo ni ya mbao na chuma, na yeye hajawahi kuona nyumba inaelea. Nikamwambia ataona. Akacheka, akanipa.

Kurudi nilipanda bodaboda nikiwa nimeyapakata makopo. Njia nzima watu wameanika kokoa kwenye mikeka, pazuri, nikawa natazama kokoa. Kopo likaachia kifuniko. Dereva amepakwa mgongo mzima. Nilimweleza kwamba koti lake sasa haliingizi maji, na bado amelalamika mpaka nyumbani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepaka! Peke yangu, toka asubuhi. Nimechanganya nyeupe na chungwa nipate krimu. Ya Abdulwahab ni krimu, yangu imetoka kama kiini cha yai la kienyeji. Ukisimama mbali ukafinya macho, zinafanana. Halafu inang'aa! Nimejiona usoni ukutani nikajitengeneza kola.

Mzee Andongwisye, mwenye nyumba, anayeishi nyuma yangu na ng'ombe wake, alikuja kutazama. Kasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nimemheshimisha. Kisha akauliza injini itafungwa upande gani.

Abdulwahab naye akapita akitoka msikitini. Akanusa. Akauliza rangi gani. Nikasema ya nje ya nchi. Akanusa tena, akagusa, halafu akacheka mpaka ikabidi ashike mlingoti wa umeme. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Jumatatu, 17 Machi

Jua limetoka leo, kali. Niliporudi kula mchana nilidhani ukuta umeota maandazi. Vimbe! Kubwa, ndogo, zimejipanga kutoka chini mpaka dirishani. Nimetoboa moja kwa kalamu. Imenitemea maji ya kutu jichoni. Nikavuta ncha ya rangi iliyoinuka, ikaja yote, kipande cha ukubwa wa shuka, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Nikabaki nimeishika, sijui niiweke wapi.

Na nani akatokea? Nani mwingine kama si Abdulwahab! Kasema ndani ya ukuta kulikuwa na maji yanatafuta pa kutokea, na mimi nimeyafungia mlango. Ukuta unatakiwa upumue. Rangi ya maji ya nje ingeuacha upumue. Lakini hata hiyo hawezi kuniuzia sasa, dhamira yake haimruhusu, mpaka ukuta ukauke, na kwa mvua hizi ni Juni. Juni! Mtu amekataa kuniuzia rangi kwa faida yangu mwenyewe. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Nimempigia Emerensiana nikapendekeza asogeze safari mbele kidogo. Akauliza kama kuna mwanamke ndani ya nyumba. Nikasema hakuna, njoo tu, njoo hata leo. Akasema Jumamosi inatosha.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwangua rangi na kuifuta kwa dizeli mpaka vidole vimevimba. Wokovu umetoka kwaya. Veronika, mwenzangu wa sauti ya tatu, kaniona nimepauka na kunuka dizeli, akauliza kulikoni. Kasema kwao Njisi bibi yake alikuwa anapaka chokaa, na chokaa haigombani na ukuta mbichi. Siri ni kutia chumvi ili isichafue nguo ukiegemea. Kiganja kimoja kwa ndoo.

Kiganja kimoja kwa bibi, sawa. Mimi nina haraka. Nimetia kiroba kizima.

Ijumaa, 21 Machi

Nyeupe! Nyeupe mpaka inaumiza macho! Nimejiegemeza kwa suti ya bluu ya harusi, nikatoka safi. Chini nimepiga mkanda kwa rangi ya boti iliyobaki. Emerensiana akisema kwenye picha ilikuwa krimu, nitasema nimeipaka upya kwa heshima yake. Hata Abdulwahab amepita bila kucheka. Amebonyeza ukuta, akalamba kidole kwa mazoea, akakumbuka amefunga, akatema na kuomba toba. Amesema chokaa si mbaya hata kidogo, ila ina chumvi ya kutosha kukausha dagaa. Nimechukua nusu ya kwanza kama sifa.

Kesho mke wangu anafika jioni. Nimenunua mchele mpya na samaki. Sijalala vizuri hivi tangu nihamishiwe huku Januari.

Jumamosi, 22 Machi

Alfajiri nimeamshwa na sauti. Krrr. Krrr. Kama mtu anapiga msasa. Nikafurahi, nikadhani mafundi wa jirani wanaanza kazi mapema.

Ng'ombe wa Mzee Andongwisye! Anaulamba ukuta wangu, macho ameyafumba kwa utamu. Ameshamaliza upande wa dirisha, na nyuma yake wenzake wawili wasiojulikana wamesimama kwenye foleni. Nikatoka na ufagio. Mmoja nikimfukuza kulia, mwingine anarudi kushoto. Mzee akaja mbio, nikashukuru, kumbe anamwonea huruma ng'ombe. Kanilaumu kumwekea mnyama majaribu. Ametaka nichote maji, maana mama huyo ana kiu kwa sababu yangu, na ana mimba. Nimechota ndoo mpaka nikapoteza hesabu. Kila nikienda kisimani, wanarudi ukutani.

Mchana ukuta ulikuwa na ramani. Lipu tupu, na visiwa vyeupe kule juu ulimi usikofika.

Jioni nikavaa suti niende stendi. Simu ikalia. Emerensiana! Kasema amewahi, alipata usafiri wa mapema toka Mbeya. Amemwonyesha dereva wa bajaji ile picha, dereva akaijua nyumba hapo hapo na kumfikisha mlangoni. Kasema nyumba ni nzuri kuliko kwenye picha. Kasema yuko sebuleni, ameshanawa mikono, na amepokewa na mama mmoja mkarimu sana anaitwa Raudha. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ambayo sikuipenda, Raudha ni nani katika nyumba yetu.

Nimekwenda huko kwa jirani. Ningefanya nini? Nimewakuta kwenye mkeka, wanafuturu, tambi na uji wa pilipili manga, mke wangu katikati kama mtoto wa nyumba hiyo. Bi Raudha alikuwa ameshamweleza kwamba yeye ni mke wa Abdulwahab. Abdulwahab alikuwa ameshamweleza mengine yote, kwa utaratibu, kuanzia nailoni. Na dirisha lao limefunguka upande wa kwangu, ambako ng'ombe alikuwa amerudi.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi na suti yangu, akamwomba Bi Raudha amwongeze tambi.

Jumatatu, 24 Machi

Amelala kwa Bi Raudha siku zote hizi. Leo amerudi zake Bukoba. Nimembebea begi mpaka stendi. Pale ndipo akasema. Kasema nyumba ya tope asingeijali. Angekuja tukaipaka wote, na ndicho alichokuwa anakisubiri. Kilichomchoma ni kuoneshwa nyumba ya mtu. Basi likaondoka, nikabaki nimesimama pale mpaka makondakta wakaanza kuniuliza naenda wapi.

Lakini hajafunga mlango! Kasema Juni, ukuta ukishakauka, atarudi. Andakoti, halafu rangi ya maji ya nje, toka kwa Abdulwahab, na brashi atashika yeye. Ila nisimdanganye tena, hata kidogo. Nimeapa kwa Bikira Maria mbele ya mkatisha tiketi.

Jumapili, 30 Machi

Nimetubu. Nimemwambia padri yote, hata jino. Nimebandika nailoni ukutani kwa mkono wangu mwenyewe, na asubuhi nimekubali kwamba ule si umande. Nimempelekea Abdulwahab mchele wa Idi, naye akanipa mhadhara wa msasa, nikausikiliza mpaka mwisho. Mimi ni mtu mpya.

Jioni Emerensiana kapiga simu, sauti yake imelainika. Nilikaribia kulia. Kasema amemsimulia baba yake kila kitu, na mzee Dionis amecheka mpaka amenisamehe. Mzee mwenyewe akachukua simu. Mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache, namwogopa tangu siku ya posa. Kasema Juni atamsindikiza binti yake. Kisha akauliza: anasikia Kyela ni kokoa tupu, je, mkwe wake amepata hata kashamba?

Nikasema ninako. Lilitoka lenyewe!

Kafurahi sana. Anataka kukaona. Kesho asubuhi na mapema nakwenda Ndandalo na simu yangu. Kuna shamba moja kule, miti imepangwa vizuri, imezaa mpaka chini, na nimeuliza, mwenye nalo anaishi mbali.