Kifungu cha Tisa na Kiitikio cha Kondoo Mweusi

Halmashauri ya Mji wa Skelbrough ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo sugu la watu kuimba pamoja limepatiwa ufumbuzi. Chumba cha juu cha baa ya Kondoo Mweusi sasa kinaruhusu waimbaji wawili tu. Wengine wote ni hadhira, na hadhira, kwa mujibu wa Kifungu cha Nne, ina haki kamili ya kunyamaza.

Mimi ni Afisa Mhakiki wa Sauti, cheo nilichopewa kwa sababu siwezi kuimba. Kifungu nikipendacho ni cha Tisa: mtu wa tatu akiimba, mahali pake pa kazi patafungwa siku tisini. Alikitunga Mkurugenzi wetu, Bwana Ormerod. Waajiri wangewakataza watu wao kukanyaga pale, na klabu ya waimbaji wanaokutana pale ingekufa yenyewe bila sisi kuchafua mikono.

Jumapili saa nane mchana tulipanda ngazi, mimi na fomu zangu, Mkurugenzi na koti lake. Watu kama thelathini walikuwa wamebanana na bia zao na vipande vya pai. Bi Enid Thackray, mshonaji mstaafu aliyeiendesha klabu miaka arobaini, alisimama dirishani. Kaka yake Wilf alishika kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja. Hao ndio wawili wangu walioruhusiwa.

"Mmekuja kutuzika?" akauliza Bi Enid.

"Tumekuja kuhakiki, mama."

"Haya, hakiki, mwanangu. Ila wakinyamaza leo, Jumapili ijayo hawaji. Nitabaki kuimbia viti."

"Viti vinaruhusiwa," nikamtoa wasiwasi.

Sasa, wale wana desturi yao. Mwimbaji huimba ubeti. Kiitikio si chake, ni cha chumba kizima, naye hakigusi. Bi Enid aliimba ubeti wa kwanza, wa wasichana wa kiwanda cha sufu wakishuka mlimani, kisha akangoja. Kimya. Mwoka mikate mmoja aliuma kofia yake asije akaitikia. Ubeti wa pili, akangoja tena. Niliandika: "Utulivu wa kuridhisha." Bi Enid alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, na nakiri kwamba kwa dakika nzima niliichukia kazi yangu.

Ubeti wa tatu ulipoisha, sauti nzito ilipasuka nyuma yangu. Bwana Ormerod alikuwa amefumba macho, kidole sikioni kama wafanyavyo waimbaji wa pale, akiimba kiitikio chote bila kukosea neno. Chumba kizima kikamfuata.

"Mkurugenzi! Wewe ni wa tatu!"

"Mama yangu alifanya kazi kiwanda hicho," alisema, machozi yakimlengalenga. "Unamwachaje mtu akingoja vile? Ni kukosa adabu."

"Na Kifungu cha Tisa?"

"Achana nacho, bwana!"

Mimi ni mtu wa taratibu. Jumatatu asubuhi niligonga muhuri amri ya kufunga mahali pa kazi pa Mkurugenzi, nikatoka, nikaifunga ofisi yetu kwa mnyororo. Muhuri niliusahau mezani. Kwa hiyo kiwanda cha yule mwoka mikate, na mahali pa kazi pa wengine wote walioitikia, hapawezi kufungwa, maana kufunga kunahitaji muhuri. Rufaa ya Mkurugenzi nayo aliipenyeza chini ya mlango. Naiona kupitia kioo, ipo salama sakafuni.

Kuongeza siku, hata hivyo, kunahitaji kalamu tu. Kila Jumapili Bi Enid humwekea Bwana Ormerod kiti cha mbele. "Jitahidi leo unyamaze, mwanangu," humwambia, kisha huimba ubeti na kungoja, akimtazama yeye tu.

Mpaka sasa, tisini juu ya tisini, adhabu ya ofisi yetu imefikia miaka mitatu na nusu.