Ovaroli ya Muuaji Iliyopigwa Pasi

Kwa Bi. Lorna Stuckey,
Mwenyekiti, Kamati ya Gwaride la Halloween,
Pike Hollow, Ohio.

Bi. Mwenyekiti,

Jana jioni ulitangaza mbele ya kituo cha zimamoto kwamba shemeji yangu, Orville Hatch, hataongoza gwaride la Jumamosi la mavazi ya kutisha, kwa sababu vazi lake la muuaji ni "safi mno, hata nzi hawezi kulitazama mara mbili." Orville ameitamani nafasi hiyo tangu utotoni. Naomba kwa heshima uamuzi huo ufutwe.

Ilivyotokea ni hivi. Orville aliagiza ovaroli ya muuaji, saizi ya watu wazima, yenye lebo isemayo "imechakazwa kiwandani": matobo, kutu na damu ya rangi. Mama yake, Bi. Edna, akawahi kukifungua kifurushi.

"Wamekuuzia mtumba, mwanangu," alimwambia. "Na aliyeuvaa kabla yako hakuwa na mtu wa kumfulia."

Akailoweka, akaisugua, akaitia viraka, akainyoosha kwa pasi mpaka miguu ikawa na mstari. Kinyago kilichooza shavu alikiosha kwa sabuni ya vyombo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamati inadharau kufua. Maiti wa mji huu huzikwa na suti zilizopigwa pasi, na bado hakuna anayetaka kulala nao.

2. Ulimshauri Orville aifunge ovaroli nyuma ya gari na kuiburuta mpaka kwenye maghala ya mahindi. Sikujua kwamba watu wazima wenye uchafu wa bure nyumbani hununua wa dukani, na ukiwaishia huomba nyongeza.

3. Nafasi amepewa Duane Pruitt wa ofisi ya bima. Ovaroli yake imetoboka magotini, naye hajawahi kupiga goti hata kanisani. Damu yake iko mgongoni, maana yake muuaji ndiye aliyechomwa kisu. Nilipomuuliza, alinijibu, "Ilikuja hivyo, Wendell. Walioitengeneza wanajua zaidi yako."

4. Muuaji mchafu ana haraka, utamkimbia. Aliyepata nafasi ya kupiga pasi ana siku nzima ya kukutafuta. Mtoto wa jirani alipomwona Orville barazani hakupiga kelele. Alirudisha peremende aliyokwisha kupewa mlangoni, akaomba radhi.

5. Kama uchafu ndio sifa, basi gwaride liongozwe na nguruwe wa mfugaji Hostetler, nanyi wanakamati mfuate nyuma kwa mpangilio wa vyeo.

Salamu kwa wanakamati wote, kwa mumeo Gene, na kwa akina mama wa pai za maboga.

Wako katika usafi,
Wendell Krebs

Tanbihi: Kabla ya kuileta barua hii nimepita gereji anakofanya kazi Orville. Ovaroli zake zote za kazi ziko kwa mama yake zikifuliwa, kwa hiyo leo amevaa ile ya muuaji. Giaboksi imemmwagia oili kifuani, cheche zimekula viraka vyote viwili, na mkono mmoja wa ovaroli umenaswa ukabaki kwenye boneti.

"Usiniguse, shemeji," ameniambia. "Uchafu umekauka vizuri. Na mama asijue."

Tafadhali puuza hoja ya kwanza hadi ya tano. Orville yuko tayari kukaguliwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kituo cha zimamoto. Msichelewe: kwaya ya Bi. Edna inamaliza mazoezi saa moja.